Barua za Wazee Wetu ni Amana

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeifanya kalamu kuwa neema kwa waja wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, watu wa pwani mlioko kwenu na mliotawanyika bara, hili ni darasa fupi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipuuza, nalo ni barua walizoandikiana wazee wetu, zilizobaki katika masanduku ya nyumba zetu na katika nyumba za hifadhi za serikali. Nimelipanga kwa mafungu matano, ili limsahilikie msomaji na mwalimu wa chuo.

SABABU YA KUANDIKA

Mwaka uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia hapa Kagongwa, katika wilaya ya Kahama, kijana mmoja ambaye babu yake alitoka Mrima akaja kufanya biashara bara. Alichukua kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na karatasi nyingi, nyingine zimeliwa na mchwa, zote zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Akaniambia, "Maalim, watoto walikuwa wakiwashia moto jikoni. Mama akawakataza alipoona jina la Mwenyezi Mungu. Sisi hatujui kuzisoma, twadhani ni dua au hirizi. Je, tuzichome zote, au tuzizike?"

Nikamwambia angoje. Tukakaa siku tatu tukizisoma. Hazikuwa dua wala hirizi, bali zilikuwa barua za Kiswahili kitupu. Nyingi zilitoka Bagamoyo, zimeandikwa kwa ajili ya dada yake yule babu. Katika mojawapo, ya mwaka 1354 wa Hijra, yaani 1935, yule bibi amuuliza nduguye khabari ya fungu lake katika shamba la minazi waliloachiwa na baba yao. Na pamoja nayo palikuwa na nakala ya jibu, kwa khati ya babu mwenyewe, akikiri ya kwamba ameliuza shamba lote, na thuluthi ya dada yake ameitia katika mtaji wake, naye atailipa. Kisha zikafuata barua tatu za bibi za kumkumbusha. Ya mwisho haikuwa na jibu.

Kijana akanyamaza kimya. Kisha akaniuliza, "Sasa sisi tuna nini juu yetu?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike karatasi hizi, nami nitalijibu katika fungu la nne, Inshaallah.

FUNGU LA KWANZA: DARAJA YA BARUA KATIKA DINI YETU

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba barua si kitu kidogo katika Uislamu. Katika Suratu n-Naml tumesimuliwa kisa cha Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, alivyompelekea barua malkia wa Sabaa kwa mkono wa ndege hudihudi, na jinsi malkia yule alivyoipokea kwa heshima na kuwashauri wakubwa wake kabla ya kujibu. Na Mtume wetu, sallallahu alayhi wa sallam, aliwapelekea barua wafalme wa zama zake: Hirakli wa Rumi, na Kisra wa Uajemi, na Mukaukis wa Misri, na Najashi wa Uhabeshi. Alipoambiwa ya kwamba wafalme hawasomi barua isiyo na muhuri, alifanya pete ya fedha yenye kuchorwa jina lake na utume wake, ikawa ndiyo muhuri. Haya yamo katika Hadithi Sahihi.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratu l-Bakara, ni aya ya kuandikiana deni. Na Mtume ametuhimiza ya kwamba Mwislamu aliye na jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umekwisha andikwa. Basi mwenye kudhani ya kuwa karatasi za wazee ni takataka, na aizingatie dini yake upya.

FUNGU LA PILI: KHABARI YA BARUA ZA NCHI ZETU

Wako watu wasemao ya kwamba sisi watu wa pwani hatukuwa na maandishi mpaka walipokuja Wazungu. Maneno haya si kweli, na barua zenyewe ndizo shahidi.

Katika nyumba ya hifadhi ya Goa, huko Bara Hindi, zimo mpaka leo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zilizopelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na marafiki zao. Wataalamu wengi huzihesabu katika maandishi ya zamani kabisa ya nchi zetu yaliyosalia.

Mwaka 1892 Mjerumani aitwaye Büttner, aliyekuwa akisomesha Kiswahili mjini Berlin, alipiga chapa kitabu cha barua na hati za Waswahili, zimeonyeshwa kwa herufi zake zile zile za Kiarabu. Na katika chuo hicho cha Berlin walikuwako walimu wa kwetu, Sleman bin Said na baada yake Amur bin Nasur. Tazama basi: wageni walivuka bahari kujifunza kusoma barua zetu, na sisi wenyewe tumezisahau.

Katika hifadhi za Ubelgiji, na mojawapo ni jumba la Tervuren, zimo barua za Kiarabu na Kiswahili zilizotoka Kongo, na baadhi yake ni za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye alifariki Unguja mwaka 1905. Mwaka 2020 mwanachuoni wa Kibelgiji, Xavier Luffin, alitoa kitabu juu ya maandishi hayo, ya kati ya miaka 1880 na 1899.

Na njia hii yetu ya bara ilikuwa njia ya barua. Unyanyembe, yaani Tabora, ndiko zilikokutana njia za pwani, za Ujiji na za Ziwa, na masultani wa Unguja waliwaandikia huko maliwali wao. Na mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekufa mwaka 1884, alipelekeana barua na balozi wa Kiingereza wa Unguja. Barua ilichukuliwa na mpagazi kwa miguu, ikipita vita, njaa na mito iliyofurika. Palikuwa na mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Stanley aliukuta umelala Unyanyembe, akaufikisha Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Mwaka mzima! Na yasimuliwa ya kwamba yule mzee aliuweka mfuko magotini, akafungua barua moja mbili za watoto wake, na nyingine akaziacha kwanza. Basi barua iliyofika wakati huo ilikuwa imechukuliwa kwa jasho la watu wengi, na majina yao hayakuandikwa.

Na huyo Livingstone, alipokuwa Manyema mwaka 1871, aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa maji ya mbegu za mti. Maandishi yakafifia hatta hayakusomeka. Mwaka 2011 wataalamu waliyatoa tena hadharani kwa kuyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali. Na katika maandishi hayo mlikuwa na khabari ya mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, ambako watu wa wafanya biashara wa kutoka pwani waliwapiga risasi wanawake na wanaume wasio na hatia.

Nimelitaja hili kwa makusudi. Barua za zamani hazitusifu tu. Zimo ndani yake sala na salamu, na zimo khabari za watumwa, za dhuluma na za damu. Mwislamu hapewi ruhusa ya kuikana kweli kwa sababu ni chungu, wala ya kushuhudia kwa ajili ya jamaa zake tu. Tukizitunza, tuzitunze zote: zenye kutupendeza na zenye kutuaibisha.

FUNGU LA TATU: JINSI YA KUZISOMA

Barua ya wazee ina adabu yake. Huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha hutajwa anayeandikiwa kwa sifa zake, "jenabu," "muhibu," "akhi," na kuombewa salama. Kisha huja "wa baadu," na baada yake ndipo hutajwa hali na haja. Mwishoni huwa salamu za jamaa mmoja mmoja, jina la mwenye kuandika, na tarehe ya Hijra. Mwanafunzi asiyaruke maneno ya mwanzo kwa kuyaona ni desturi tu. Kwa hayo utajua daraja ya mtu kwa mwenziwe, na kama kati yao mna mapenzi au mna ghadhabu. Katika zile barua za Bagamoyo, ya kwanza yule bibi amwita nduguye kwa majina matano ya heshima. Katika ya mwisho amwita kwa jina lake tu.

Mashaka ya kuisoma ni katika herufi. Kiarabu hakina pe wala che wala ve, na irabu zake ni tatu, hali zetu ni tano. Basi wazee walitumia be kwa sauti mbili, na fe kwa sauti mbili, na mara nyingi hawakuandika ile sauti ya puani iliyo mbele ya herufi. Neno moja lililoandikwa kwa be na te laweza kuwa "bata" au "pata" au "mbata," wala hulijui ila kwa maana ya sentensi. Kwa ajili hiyo maulamaa wetu walijitahidi kuzitengeneza herufi hizi: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1890, na baada yake Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwenye gazeti la al-Islah la mwaka 1932, naye alifariki mwaka 1947. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Watoto wetu hapa wanasoma Msahafu kwa ufasaha, lakini ukimwekea mmoja wao barua ya babu yake ya Kiswahili kwa herufi zile zile, hushangaa kama aliyewekewa khati ya Kichina. Hili si kosa lao. Ni kosa letu sisi walimu. Saa moja kwa juma yatosha, kwani herufi wanazo na lugha wanayo. Lililobaki ni kuviunganisha.

FUNGU LA NNE: HUKUMU ZA SHERIA

Mas'ala ya kwanza: Barua ni mali ya nani? Imamu Nawawi ametaja katika Raudha, katika mlango wa hiba, ya kwamba mtu akimwandikia mwenziwe na kutaka jibu liandikwe mgongoni mwa karatasi ile, yapasa irudishwe kwake. Ama asipotaka hivyo, barua ni zawadi, humilikiwa na aliyeandikiwa. Na iko kauli nyingine ya kwamba hubaki katika milki ya mwandishi. Basi kwa kauli ya kwanza, barua aliyoandikiwa babu yako ni katika tirka yake, huirithi nyinyi nyote. Haimfalii mmoja kuiuza kwa mgeni apitaye bila ya ridhaa ya wenziwe.

Mas'ala ya pili: Je, yafaa kusoma barua ya mtu? Imepokewa Hadithi katika Sunan Abi Dawud ya kuonya vikali juu ya kuitazama barua ya nduguyo bila idhini yake. Isnadi yake ni dhaifu, lakini maana yake yapata nguvu kwa katazo la kupeleleza lililomo katika Suratu l-Hujurat. Kwa yaliyonidhihirikia, barua za marehemu ni namna tatu. Za hukumu, biashara na elimu, husomwa na manufaa yake huenezwa. Za nyumba na jamaa, husomwa na warithi, na mgeni husoma kwa idhini yao. Na zenye siri ya kumfedhehi mtu, wala hamna ndani yake haki ya mtu yeyote, hufungwa wala hazienezwi, kwani sitara ya Mwislamu haiondoki kwa kufa kwake. Ama ikiwa ndani ya siri mna haki ya mtu, haki hiyo hufikishwa kwa mwenyewe, na yaliyozidi husitiriwa.

Mas'ala ya tatu: Je, khati ni hoja? Hapa wengi hukosea kwa pande mbili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kadhi hahukumu kwa karatasi peke yake, kwani khati hufanana na khati, na hati hughushiwa. Hatta akiona hukumu yake mwenyewe imeandikwa, haitendi mpaka aikumbuke. Lakini Imamu huyo huyo ametaja katika Minhaj ya kwamba mrithi aweza kuapa juu ya haki, au juu ya kulipwa kwake, kwa kuitegemea khati ya aliyemrithi, iwapo ana yakini na khati ile na uaminifu wa mwenyewe. Basi ikiwa dhana hii yenye nguvu yatosha kuapia, itakuwaje isitoshe kumzindua mtu ailipe haki iliyo juu yake na Mola wake?

Ndivyo nilivyomjibu yule kijana. Nikamwambia, "Hapana kadhi atakayekulazimisha kwa karatasi hii. Lakini je, una shaka ya kuwa ni mkono wa babu yako?" Akasema, "Sina, kwani daftari lake la duka tunalo, na khati ni moja." Nikasema, "Basi deni hutangulia mirathi. Mligawana kabla ya kulipa, hali hamjui. Sasa mmejua." Akaenda kuwakusanya nduguze. Wawili walikubali, na wa tatu akakasirika, akasema ya kwamba afadhali watoto wangeziwashia moto zote. Mwishowe alikubali naye. Wakasafiri mpaka Bagamoyo, wakawakuta wajukuu wa yule bibi, wakapatana kwa sulhu, pande zote mbili zikaridhiana. Majina yao siyataji, kwani ni sitara yao.

Mas'ala ya nne: Barua isiyo na asili. Mwaka 1908 ilienea katika pwani, hasa upande wa Lindi, barua iliyodaiwa kutoka Makka, yenye ndoto ya mtu aitwaye Sheikh Ahmad na vitisho vya Kiyama. Watu wakaingiwa na khofu, na serikali ya Wajerumani ikashikwa na wasiwasi, ikazikamata nakala na kuzitia katika mafaili yake. Barua ya namna hiyo yaenezwa mpaka leo kwa simu, na kuambiwa asiyeipeleka kwa watu kadha atapatwa na msiba. Maulamaa wameikadhibisha, kwani haina isnadi, na dini haithubutu kwa ndoto ya mtu asiyejulikana. Basi ukiletewa barua, ya zamani au ya leo, uliza: nani kaiandika, nani kaipokea, na imehifadhiwa wapi tangu siku hiyo? Maswali haya matatu ndiyo kinga yako.

FUNGU LA TANO: JINSI YA KUZITUNZA

Ukipata karatasi za wazee, fanya haya. Usizichome kabla ya kusomwa na mjuzi. Kuchoma au kuzika kwajuzu kwa karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu inayokhofiwa kukanyagwa, lakini isiyokhofiwa hiyo hutunzwa, na ni bora. Usifungie bidhaa. Usiigandishe kwa gundi wala kwa utepe wa kubandikia, kwani huila karatasi. Usiianike juani, kwani wino hufifia. Iweke bapa, ndani ya bahasha safi ya karatasi, katika sanduku lililo mbali na sakafu, mchwa na unyevu. Andika juu ya bahasha, kwa kalamu ya risasi, jina la mwandishi, la aliyeandikiwa, na tarehe. Kisha ipige picha, na nakala uwape ndugu wawili walio miji mbalimbali. Na jamaa wakiridhia, wapeleke nakala katika Nyumba ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au ile ya Unguja.

Nami siwafundishi kwa kujiona mwema. Mwalimu wangu aliniandikia barua nyingi nilipokuwa kijana, kila moja ina jibu la mas'ala niliyomwuliza. Nikaziweka sakafuni katika ghala, nikasema nitazipanga kesho. Mchwa wakanitangulia. Majibu yake nayakumbuka, lakini hoja zake nyingi zimenipotea, naye yuko kaburini, sina wa kumwuliza. Kila nipitapo sokoni hapa Kagongwa nikiona magunia ya mchele yamewekwa juu ya magogo yasipatwe na unyevu, huona haya: mchele wa msimu mmoja twautunza kuliko elimu ya umri mzima.

KHATIMA

Basi, ndugu zangu, ingieni majumbani mwenu, mfungue masanduku. Huenda mkakuta salamu tu, na salamu nazo ni kheri. Huenda mkakuta haki ya mtu iliyongoja miaka mingi, na kuilipa ni kumpunguzia mzigo mzee wenu aliyekwisha tangulia. Na nyinyi mnaoandika leo kwa simu, deni na wasia wenu msiviache huko peke yake. Viandikeni katika karatasi, mshuhudishe, mweke mahali panapojulikana.

MASWALI YA DARASA

1. Barua iliyotumwa ni milki ya nani, na ni hali gani yapasa kurudishwa?
2. Kwa nini kadhi hahukumu kwa khati peke yake, na mrithi aweza kuitegemea kwa jambo gani?
3. Taja namna tatu za barua za marehemu na hukumu ya kila moja.
4. Leta barua moja ya zamani kutoka kwenu, kwa idhini ya wazee, tuisome pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awasamehe wazee wetu waliyoyasahau, na atuwezeshe kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wallahu a'alam, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amin.